Kwa Mama Lishe: Vidonge vya mafuta ya samaki na mafua ya baada ya mbio

Tangu mwezi wa pili uishe, barua zimejaa mezani kwangu, na nyingi zinauliza jambo moja: vidonge vya mafuta ya samaki vinamkinga mwanamichezo na mafua au ni biashara tu? Kwa wageni wa ukurasa huu, niseme mapema kwamba siuzi wali maharage. Jina la Mama Lishe nilibandikwa na wakimbiaji wa Arusha ninaowashauri, kwa sababu kila anayekuja na kopo la unga mkononi namuuliza kwanza mchana kala nini. Kwetu ni Tanga, na marehemu baba alikuwa mvuvi. Mkiniletea habari za samaki, mmenirudisha nyumbani.

Shikamoo Mama Lishe. Nina miaka 31, nakaa Moshi, ni mtunza ghala. Mwaka huu nilikimbia nusu marathoni ya Kilimanjaro kwa mara ya pili. Nilimaliza vizuri, lakini siku ya tatu koo likaanza kuwasha, yakaja mafua na kikohozi, nikalala siku nne, na kikohozi hakikuisha mpaka wiki ya pili. Mwaka jana ilikuwa hivyohivyo. Jamaa anayeuza virutubisho pale gym ameniambia kwamba baada ya mbio ndefu kinga ya mwili hufunguka kama dirisha, na komeo lake ni mafuta ya samaki, vidonge viwili kila siku. Nimenunua kopo la vidonge 60 kwa shilingi 45,000. Mke wangu anasema nimeliwa. Mimi najitahidi sana: naamka saa kumi alfajiri, nakimbia bila kutia kitu tumboni, saa moja na nusu niko ghalani, jioni nafanya gym, na kulala ni saa tano ikiwahi. Niendelee na vidonge, au nimpe mke wangu ushindi? — Mkimbiaji wa Moshi

Marahaba, mwanangu. Mkeo ana haki nusu, muuzaji robo. Robo iliyobaki imo kwenye barua yako mwenyewe, umeipita bila kuisalimia. Nitaifikia.

Hilo dirisha muuzaji hakulitunga. Mwaka 1982 watafiti wa Afrika Kusini waliwafuatilia wakimbiaji 150 wa mbio za Two Oceans kule Cape Town, kilomita 56. Katika wiki mbili zilizofuata, asilimia 33.3 ya wakimbiaji walipata mafua na maumivu ya koo, na wenzao wasiokimbia ni asilimia 15.3 tu. Miaka mitano baadaye, baada ya marathoni ya Los Angeles ya 1987, mtafiti wa Marekani David Nieman na wenzake waliwahoji wakimbiaji zaidi ya 2,000. Waliokimbia, asilimia 12.9 waliugua ndani ya wiki moja. Waliokuwa wamejiandaa vilevile lakini siku ya mbio hawakukimbia, kwa sababu isiyo ya ugonjwa, asilimia 2.2. Ukipima damu saa chache baada ya mbio, unakuta aina fulani za chembe nyeupe za ulinzi zimepungua. Watu wakaunganisha mambo mawili hayo, dirisha likapatikana.

Lakini mwaka 2018 John Campbell na James Turner wa chuo kikuu cha Bath, Uingereza, walilipinga dirisha hilo waziwazi. Hoja yao ni rahisi kuielewa kwa mtu wa ghala kama wewe. Ukihesabu walinzi getini ukakuta wawili badala ya sita, si lazima wanne wawe wametoroka kazi. Huenda wako nyuma ya ghala wanazunguka. Chembe zinazopungua kwenye damu baada ya mazoezi hazijafa. Nyingi zimehamia mapafuni, kwenye utumbo na sehemu nyingine kupiga doria. Basi kwa nini watu huugua? Angalia siku ya mbio yenyewe. Watu wanaanza kumiminika Moshi siku mbili kabla, mabasi yamejaa, vyumba vya kulala wageni vimejaa, mnashikana mikono, mnapeana maji, usiku wa kuamkia mbio hakuna anayelala kwa hamu. Hapo hata asiyekimbia, shabiki aliyekuja kupiga vigelegele, anaweza kurudi na mafua.

Tena si kila koo linalowasha lina kijidudu. Mwisho wa Februari Moshi ni kavu, masika bado, vumbi lipo, nawe umepumua kwa mdomo wazi kwa karibu saa mbili. Watafiti wamewahi kuchukua sampuli kwa wanamichezo waliolalamika koo na pua, na mara nyingi maabara haikukuta kirusi wala bakteria. Wewe siku nne kitandani, nakubali yalikuwa mafua ya kweli. Ila mwakani likiwasha tu, usikimbilie kusema kinga imeanguka.

Sasa lete kopo. Ligeuze nyuma, usome maandishi madogo. Mbele pameandikwa miligramu 1,000 kwa herufi kubwa. Huo ni uzito wa mafuta yote ndani ya kidonge. Nyuma utakuta EPA na DHA. Hizo mbili ndizo omega-3 ya samaki inayozungumzwa, mengine ni mafuta tu. Kwenye vidonge vingi vya kawaida ni EPA miligramu 180 na DHA 120, jumla 300. Viwili kwa siku ni 600. Ishike namba hiyo.

Utafiti ambao wauzaji wanaupenda, hata kama hawajausoma, ulifanywa Aberdeen, Uskoti, ukachapishwa 2012. Wanaume 16 waligawanywa, wengine wakapewa mafuta ya samaki gramu 3 kwa siku kwa wiki sita, kisha wakafanyishwa mazoezi. Saa tatu baada ya mazoezi, damu ya waliokunywa mafuta ilionyesha chembe zenye nguvu zaidi ya kuua adui. Habari njema, sibezi. Ila zilipimwa kwenye vyombo vya maabara, na hakuna aliyehesabu nani alipiga chafya wiki ile. Halafu kipimo: mafuta yale yalikuwa mazito, EPA gramu 1.3 na DHA gramu 0.3 kila siku. Kufikia hapo kwa vidonge vyako unahitaji vitano mpaka sita kwa siku, si viwili. Wiki sita zingekula makopo karibu manne. Shilingi 180,000. Hapo ndipo mkeo anapopata haki yake.

Na kuna tafiti ambazo wauzaji hawazitaji. Kwenye marathoni ya Copenhagen, wakimbiaji 20 walifuatiliwa, nusu yao wakiwa wamekunywa zaidi ya gramu 3 za omega-3 kila siku kwa wiki sita. Kemikali za uvimbe ambazo mwili humwaga baada ya marathoni zilipanda kwa wote sawasawa. Yule yule Nieman, mwaka 2009, aliwapa waendesha baiskeli waliozoea mazoezi gramu 2.4 za EPA na DHA kwa wiki sita, kisha akawaendesha saa tatu kila siku kwa siku tatu mfululizo. Hakuna kilichobadilika, si kasi, si uvimbe, si vipimo vya kinga. Mwaka 2018 Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki ilikusanya wataalamu wapitie virutubisho vyote vinavyouzwa kwa jina la kinga. Mafuta ya samaki yaliwekwa kwenye kundi lenye ushahidi dhaifu, na hawakuona ushahidi kwamba yanapunguza mafua kwa wanamichezo.

Mimi hilo halinishangazi, ukijua yanavyofanya kazi. Ukuta wa kila chembe ya mwili umejengwa kwa mafuta, na nafasi zake zimehesabika kama viti vya daladala. Ukila samaki wa mafuta kwa wiki kadhaa, EPA inapanda, abiria mwingine anashuka. Huyo anayeshuka ndiye aliyekuwa akitumika kutengeneza kemikali za kuwasha uvimbe. Ndiyo maana mafuta haya yanasifiwa kwa kutuliza. Lakini uvimbe ni silaha ya kinga: kirusi akiingia puani, mwili unawasha moto makusudi. Kitu kinachotuliza moto, utakiuzaje wakati huohuo kama kinachouongeza? Yawezekana kinafanya yote mawili kwa wakati tofauti, wataalamu bado wanabishana. Muuzaji wa gym hana haki ya kumaliza ubishi huo kwa shilingi 45,000.

Sasa ile robo. Unalala saa tano usiku, ikiwahi. Unaamka saa kumi. Hesabu mwenyewe: saa tano za usingizi. Huko Pittsburgh, Marekani, kundi la Sheldon Cohen lilifanya jambo ambalo mimi nisingekubali hata kwa hela. Watu wazima 153 wenye afya walitiwa kirusi cha mafua puani kwa matone, wakafungiwa hotelini, wakasubiriwa. Waliokuwa wakilala chini ya saa saba, uwezekano wa kuugua ulikuwa karibu mara tatu ya wale waliolala saa nane na zaidi. Hiyo ilichapishwa 2009. Mwaka 2015 wakarudia kwa watu 164, safari hii usingizi ukapimwa kwa kifaa cha kuvaa mkononi, na waliolala chini ya saa sita walikuwa na hatari zaidi ya mara nne ya waliovuka saa saba. Hakuna kidonge cha samaki kilichowahi kutoa tofauti ya ukubwa huo, na usingizi hauuzwi gym.

Halafu unakimbia tumbo tupu kila siku. Kwa mbio fupi za taratibu sina ugomvi nawe. Lakini zile ndefu za wikiendi, mwili usio na wanga unamwaga homoni za dhiki kwa wingi, na hizo hazipatani na kinga. Kabla ya kutoka, kula ndizi mbivu mbili na kikombe cha chai yenye sukari. Ukikimbia zaidi ya saa moja na nusu, kuwe na chupa ya maji yenye sukari na chumvi kidogo. Gym ya jioni punguza siku mbili, uzilipe kitandani. Naandika hivi nikijua una kazi, una mke, na pengine una mtoto anayelia usiku. Hata nusu saa ya usingizi ni faida.

Na kama unataka kitu cha kutafuna kwa ajili ya mafua, ushahidi wa vitamini C kwa watu wa aina yako unashinda ule wa samaki. Majaribio matano, jumla ya watu 598, wakimbiaji wa marathoni, watelezaji wa theluji na askari mazoezini: waliotumia vitamini C kila siku waliugua mafua nusu ya wenzao. Kwa mtu wa kawaida asiyejichosha hivyo haikusaidia kuzuia. Moshi mna mapera. Pera moja zuri lina vitamini C nyingi kuliko chungwa. Anza wiki kadhaa kabla ya mbio, usingoje koo liwashe.

Kopo usilitupe, limeshanunuliwa. Ila lipime kwanza. Mimi miaka michache iliyopita nilinunua kopo kama hilo kwenye duka moja Dar es Salaam, lilikuwa limepangwa dirishani jua likilipiga. Nyumbani nikachukua sindano ya kushonea, nikatoboa kidonge kimoja juu ya kisahani cheupe, nikakiminya. Mafuta mazima yana rangi ya manjano hafifu na harufu ya samaki iliyo mbali. Yale yangu yalinuka kama rangi ya kupaka mlango, ikichanganyika na dagaa walionyeshewa mvua wakiwa kwenye kichanja. Mtoto wa mvuvi hawezi kudanganyika na harufu hiyo: mafuta yalikuwa yamechacha. Omega-3 huharibika upesi kwa joto, mwanga na hewa, na koti la kidonge linaficha harufu mpaka umeshameza. Ukitoboa chako kikanuka vizuri, kimalize pamoja na chakula cha mchana, ukiweke mahali pa giza na baridi. Kikinuka, rudisha dukani na risiti.

Baada ya hapo pesa ipeleke sokoni. Perege wa Nyumba ya Mungu ni mtamu na ana protini, lakini mafuta ya aina hii anayo kidogo. Tafuta samaki wa mafuta: vibua, dagaa, au sadini za kopo. Gramu 100 za sadini zinakupa takriban gramu 1 ya EPA na DHA, zaidi ya vidonge vitatu vyako, na protini na madini ya chokaa juu yake ukitafuna na mifupa. Mara mbili kwa wiki zinatosha moyo na mwili. Mafua ni jambo jingine.

Habari Mama Lishe. Mimi ni msichana wa miaka 22, niko kambini Iten, na mwaka huu meneja amenitafutia mbio za kwanza za ng'ambo. Mwenzangu wa chumba anatumia fish oil ya kuongeza immunity, na anataka tuchange pesa tununue kubwa. Mimi naogopa kupimwa. Je, hiyo ni doping? Pia nauliza kama itanisaidia kwa sababu mwaka huu nimekuwa nikishikwa na homa kila mwezi. Nakula vizuri tu, ugali na sukuma, lakini napunguza kidogo ili niwe mwepesi. Periodi zilisimama miezi minne iliyopita na kocha anasema ni kawaida kwa mkimbiaji. — Mkimbiaji, Iten

Salama, binti yangu. Naanza na swali lako la kwanza kwa kuwa ni fupi. Mafuta ya samaki hayamo kwenye orodha ya vitu vilivyokatazwa. Hatari iko kwenye kile ambacho lebo haikusema. Maabara ya Cologne, Ujerumani, iliwahi kununua virutubisho 634 kutoka nchi 13 na kuvipima, asilimia 14.8 vilikuwa na homoni ambazo hazikuandikwa popote kwenye kopo. Majibu hayo yalichapishwa 2004, na biashara tangu wakati huo imepanuka mno. Mafuta ya samaki peke yake hayamo kwenye kundi la kutisha zaidi, kutisha kuko kwenye michanganyiko ya unga na vidonge vya "nguvu". Lakini sheria haimwulizi mwanamichezo alidhani anameza nini. Kilichokutwa mwilini mwako ni chako, na kusema "tulichanga na mwenzangu" hakutakuokoa. Wakenya mnapimwa kuliko wengi, nawe unakwenda ng'ambo.

Kama lazima ununue, nunua chenye alama ya Informed Sport au NSF Certified for Sport, wale wanaopima virutubisho vya wanamichezo, kisha linganisha namba ya toleo iliyo kwenye kopo na iliyo kwenye tovuti yao, kwa sababu alama inaweza kuchapishwa na yeyote. Piga picha ya lebo, weka risiti, usigawane kopo na mtu. Waulize ADAK, shirika la Kenya la kupambana na doping, kabla ya kumeza, hiyo ndiyo kazi yao.

Sasa nasema nawe kama mama. Hilo la kopo liweke pembeni. Umeandika kwa sentensi moja kwamba hedhi imekata miezi minne, halafu ukaendelea. Hiyo si kawaida kwa mkimbiaji. Ni jambo linalowapata wengi, na wingi wake ndio unaowafanya makocha waliite kawaida. Mwili unapoletewa chakula kidogo kuliko unavyotumia mazoezini, unaanza kuzima taa chumba kimoja kimoja: kwanza uzazi, kisha mifupa inakonda, kinga inalegea, chuma kinapungua. Kamati ya Olimpiki ililipa hali hiyo jina rasmi mwaka 2014, RED-S, na inawapata wanaume pia ingawa wao hawana hedhi ya kuwapigia kengele. Homa za kila mwezi na hedhi iliyokata, mimi naziona zimetoka mlango mmoja.

Nenda ukamwone daktari wiki hii, si baada ya mbio. Mwambie apime ujauzito kwanza, kwa sababu ataanza na hapo hata usipomwambia, usione vibaya. Kisha damu, hasa akiba ya chuma, na malaria kama ulishuka maeneo ya joto. Mwonyeshe tarehe za homa zako. Kocha wako huenda ni mtu mwema, lakini muulize: mkimbiaji wake akivunjika mguu bila kuanguka, ataita hiyo nayo kawaida? Jioni rudisha ugali uliokuwa unaupunguza. Baada ya mazoezi ya asubuhi, kabla hujaoga, kunywa uji na maziwa. Na kwa kuwa ulitaka samaki: omena wapo Iten sokoni, wanakuja na mafuta yao, chuma chao na chokaa, na hakuna aliyewahi kufungiwa mbio kwa sababu ya omena. Niandikie tena daktari akishasema.

Mama Lishe, mimi ni Mmaasai wa Longido, nakimbia mita 1,500. Kwetu samaki haliwi, na sitaki kuanza. Kuna njia nyingine? — Msomaji, Longido

Ipo, na huhitaji kumgusa samaki. Samaki mwenyewe hatengenezi omega-3 kwa wingi. Anaipata kwa viumbe vidogo vya majini wanaokula mimea midogo sana, jamaa za mwani. Siku hizi mafuta hukamuliwa moja kwa moja kutoka kwa mimea hiyo, yanauzwa kwa vidonge, ila bei yake inakimbia kuliko wewe. Mbegu za kitani na za chia zina omega-3 ya aina nyingine, ambayo mwili hubadili sehemu ndogo tu kuwa EPA, na ya kuwa DHA ni ndogo zaidi. Maziwa na nyama ya ng'ombe anayechunga majani ina kidogo kuliko samaki, lakini inampita ng'ombe wa kufungiwa na kulishwa nafaka. Kwa hiyo umeshaanza bila kujua. Kuhusu mafua, soma niliyomwandikia mwenzako wa Moshi, sehemu ya usingizi.

Assalaam alaykum Bi Mama Lishe. Nipo Unguja, nina ujauzito wa miezi mitatu, na bado natembea kwa kasi kila alasiri pamoja na shoga zangu. Mama mkwe amenipa chupa ya mafuta ya ini la samaki, kijiko kila asubuhi, anasema yeye alilelewa nayo na hakuugua. Sitaki kumvunjia heshima. — Mama mtarajiwa

Waalaykum salaam, na hongera. Hapa naomba umvunjie kidogo, kwa adabu. Mafuta ya samaki na mafuta ya ini la samaki si kitu kimoja. Ya kwanza hukamuliwa kwenye nyama ya samaki, ya pili kwenye ini, na ini ndiyo ghala ya vitamini A. Vitamini A ya aina hiyo ikizidi inaweza kumdhuru mtoto tumboni, ndiyo maana wajawazito hushauriwa wasitumie mafuta ya ini wala kula maini kwa wingi. Mwambie mama mkwe kwamba kliniki wamekuzuia, na kweli ukiuliza watakuzuia. Chupa mrudishie. Badala yake mwombe akupikie dagaa au vibua mara mbili kwa wiki. Atakuwa bado anakulea, na wewe utakuwa umekula. Papa na nduaro waache kabisa kwa sasa, na jodari usimzidishe, kwa sababu samaki wakubwa hukusanya zebaki.

Nina presha na natumia dawa ya kuyeyusha damu. Nacheza mpira wa maveterani Jumamosi. Naweza kunywa vidonge vya mafuta ya samaki ili nisiugue ugue? — Beki mkongwe, Mwanza

Usianze kabla ya kumwonyesha daktari wako kopo. Kwa mtu mzima mwenye afya, mamlaka ya chakula ya Ulaya iliona mpaka gramu 5 za EPA na DHA kwa siku hazina madhara. Wewe una dawa ya damu, na vipimo vikubwa kama gramu 4 kwa siku vimeonekana kuongeza hatari ya mapigo ya moyo kwenda ovyo kwa wagonjwa wa moyo. Samaki wa kwenye sahani hayumo kwenye katazo hilo. Na ukiwa na homa, Jumamosi hiyo kaa benchi, kwa sababu kucheza na homa kunaweza kuuletea uvimbe msuli wa moyo.

Shikamoo. Dagaa wakikaangwa mafuta yao ya maana si yanakufa? — Mpishi wa timu, Morogoro

Marahaba. Hayafi yote. Ukiwazamisha kwenye mafuta mengi ya moto kwa muda mrefu, yao yanatoka na ya kikaangio yanaingia, na ukitumia mafuta yaleyale mara ya tatu umeharibu kila kitu. Waoshe kwa maji vuguvugu, watoe mchanga, wakaushe kwenye sufuria kavu dakika chache mpaka wanukie, halafu waingie kwenye kitunguu, nyanya na ndimu. Mchuzi wake usiumwage. Mafuta yaliyotoka yamo humo. Timu yako ikilalamika harufu, ongeza tangawizi.

Mama Lishe, sisi wa Kigoma tumekula dagaa tangu kuota meno na mafua bado tunapata. Unasemaje? — Mzee wa Ujiji

Shikamoo mzee wangu. Nilijua utaandika. Nakujibu pua ikiwa imeziba tangu juzi, na juzi hiyohiyo nilikula vibua wa nazi, wanne.